Video za bure mtandaoni katika somo la historia: mwongozo kwa walimu wa Tanga

Dakika nne za video zinatosha kwa kipindi kizima cha historia. Zikizidi saba, darasa linageuka ukumbi wa sinema: wanafunzi wanafurahi, kengele inalia, na kesho yake wanachokumbuka ni mizinga na muziki tu. Mwongozo huu ni wa mwalimu wa historia mwenye simu janja, laptopu moja ya shule na bando la kuhesabu. Mfano mkuu ni mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, kati ya Waingereza na Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Video zake ni nyingi, makosa yamejaa, na wanafunzi wa mjini wanaweza kwenda kwa miguu mpaka Ras Kasone wakaone yalikotokea. Utaratibu ni uleule kwa mada ya reli, mkonge au Uhuru.

Jambo moja lishikwe tangu mwanzo. Video ni chanzo cha historia kama ilivyo barua, gofu au simulizi ya mzee. Ina mtu aliyeitengeneza, ina sababu ya kutengenezwa, na ina watu iliowaacha nje. Kazi ya mwalimu ni kuwafundisha wanafunzi kuihoji.

Hatua ya kwanza: andika swali kabla ya kufungua simu

Chukua azimio la kazi, tafuta mada, kisha andika swali moja ambalo video itasaidia kulijibu. "Mapigano ya Tanga yalikuwaje?" halifai, maana video yoyote italijibu na wewe hutakuwa na kigezo cha kuchagua. "Kwa nini jeshi la watu wapatao 8,000 lilishindwa na jeshi la watu wapatao 1,000?" linafaa. Papo hapo unajua unatafuta nini: ramani, mpangilio wa siku, na maelezo ya nani alikuwa upande gani.

Kisha jiridhishe na ukweli wenyewe, ili video isikufundishe wewe mbele ya darasa. Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Kiingereza iitwayo HMS Fox ilifika bandarini ikautaka mji usalimu amri. Usiku huo wanajeshi wakaanza kushushwa Ras Kasone. Mapigano makubwa yalikuwa tarehe 4, na tarehe 5 Waingereza wakajiondoa. Jeshi la Kiingereza, chini ya Jenerali Aitken, lilikuwa hasa la wanajeshi wa Kihindi waliotoka kwenye safari ndefu ya bahari. Jeshi la Kijerumani, chini ya von Lettow-Vorbeck, lilikuwa hasa la askari Waafrika chini ya maofisa Wajerumani. Onyo la tarehe 2 liliwapa Wajerumani nafasi ya kuleta askari kwa treni kutoka upande wa Moshi, kwa reli iliyoanza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911. Waingereza walipoteza watu zaidi ya 800, waliouawa na waliojeruhiwa. Nyuki walikuwepo kweli, na waliwauma watu wa pande zote mbili. Habari kwamba Wajerumani waliwatega nyuki kama silaha ni uvumi uliopambwa baadaye, na ndiyo itakayokuwa kichwa cha video nyingi utakazozikuta.

Hatua ya pili: tafuta kwa maneno sahihi

Ukitafuta kwa Kiswahili peke yake utapata kidogo. Ongeza Kiingereza na Kijerumani: "Tanga 1914", "Tanganyika sisal", "Deutsch-Ostafrika" (Afrika Mashariki ya Kijerumani), "Usambarabahn" (Reli ya Usambara). Kwenye YouTube tumia kichujio cha leseni ya Creative Commons unapotaka video unayoweza kuikata na kuigawa bila wasiwasi.

Mbali na YouTube ya kawaida kuna maghala manne yanayostahili muda wako. British Pathé waliweka filamu zao zipatazo 85,000 kwenye YouTube mwaka 2014. Ni taarifa za habari za sinema za zamani, fupi, nyingi chini ya dakika tano, nzuri kwa miaka ya 1950 na 1960. Internet Archive na Wikimedia Commons zina faili unazoweza kupakua moja kwa moja, na leseni imeandikwa kwenye ukurasa wa kila faili. Tovuti ya Colonial Film, colonialfilm.org.uk, imeorodhesha filamu zaidi ya 6,000 za himaya ya Uingereza. Zinazotazamika hapohapo ni kama 150, lakini zaidi ya 350 zina maelezo ya kitaalamu ya nani aliitengeneza na kwa nini. Kwa mwalimu, maelezo hayo yana thamani kuliko filamu yenyewe. Kwa historia ya Afrika kwa ujumla, mfululizo wa BBC unaoongozwa na Zeinab Badawi, uliojengwa juu ya Historia Kuu ya Afrika ya UNESCO, uko bure kwenye YouTube. Vipindi vyake ni virefu, kwa hiyo chagua vipande.

Hatua ya tatu: ihoji video kabla wanafunzi hawajaiona

Itazame mara mbili nyumbani, mara ya kwanza na sauti, mara ya pili ukiwa umeizima. Sauti ikizimwa, picha inabaki peke yake na makosa yanajitokeza.

Tazama kofia. Wanajeshi wa Uingereza walianza kupewa kofia za chuma mwaka 1915, Wajerumani mwaka 1916. Kipande chochote chenye wanajeshi waliovaa kofia za chuma hakikupigwa Tanga Novemba 1914, hata kama msimulizi anataja Tanga wakati huohuo. Tazama na ardhi. Mahandaki ya matope mazito na miti iliyobaki magogo ni Ufaransa au Ubelgiji. Hapa watu walipigana kwenye mashamba ya mpira, minazi na vichaka. Ukiona kifaru, huo ni mwaka 1916 au baadaye, maana vifaru viliingia vitani kwa mara ya kwanza Septemba mwaka huo. Ukiwa na shaka, simamisha video, piga picha ya skrini, kisha itafute kwa Google Lens. Picha ikitokea kwenye kurasa nyingine na maelezo ya mahali pengine, umepata jibu na umepata mfano wa kuwaonyesha wanafunzi.

Siku hizi kuna tatizo jipya: video zenye picha zilizotengenezwa kwa akili mnemba. Zinavutia, zina rangi, na ni za uongo kabisa. Angalia vidole na mikono iliyoshika bunduki, maandishi ya vibao yasiyosomeka kwa lugha yoyote, na askari wawili wa kikosi kimoja waliovaa sare zisizofanana. Video ya namna hiyo usiitumie hata kwa mzaha. Picha huingia kichwani kabla ya maneno, na haitoki kwa kusahihishwa.

Kisha uliza nani hayupo. Video nyingi za mapigano haya zinawataja makamanda wawili kwa majina na kuwaacha askari, wanajeshi wa Kihindi na wapagazi kama umati. Wakazi wa Tanga, ambao mji ulikuwa wao, hawaonekani kabisa. Hiyo siyo sababu ya kuikataa video. Ni swali zuri kuliko yote utakayoliuliza darasani. Vivyo hivyo video yenye kosa la wazi, kama lile la kofia, inafaa sana, mradi kosa lisahihishwe ndani ya kipindi hichohicho. Ukiahirisha mpaka kipindi kijacho, mwanafunzi atakayekosa siku hiyo ataondoka na kosa.

Hatua ya nne: ipate bila kutegemea mtandao wa shule

Usipange kipindi kwa kutegemea mtandao wa siku hiyo. Ukipanga hivyo, dakika kumi za mwanzo zitaishia kwenye kiduara kinachozunguka, na darasa la watu 70 likishatawanyika kimawazo halirudi upesi.

Ubora wa 480p unatosha kwa televisheni na kwa projekta ya darasani. Hesabu kama MB 4 hadi 8 kwa dakika. 720p inaweza kufika mara mbili ya hapo, na ya 1080p ni kuchoma bando bure. Pakua usiku au alfajiri, mtandao ukiwa mwepesi.

Masharti ya YouTube hayaruhusu kupakua kwa programu za pembeni. Kitufe cha kupakua ndani ya programu yao, kinapopatikana, huifungia video humohumo kwenye simu: huwezi kuihamishia flashi, na baada ya muda simu italazimika kurudi mtandaoni ndipo icheze tena. Kwa hiyo ifungue asubuhi ya siku ya kipindi ukiwa bado na mtandao, kisha weka simu kwenye hali ya ndege na uijaribu. Faili za Internet Archive na Wikimedia Commons hazina kikwazo hicho. Hizo ndizo za kuweka kwenye flashi ya idara.

Huna haja ya kukata video. Ifungue kwa VLC, programu ya bure, bonyeza Ctrl na T, andika dakika unayotaka, nayo itaruka hapo. Herufi E husogeza picha moja baada ya nyingine, jambo linalosaidia sana unapotaka darasa zima liione kofia ile. Herufi M huzima sauti. Andika dakika za kuanzia na kumalizia kwenye andalio la somo, si kichwani.

Hatua ya tano: weka manukuu ya Kiswahili (maandishi ya chini ya picha)

Hapa ndipo walimu wengi wanakata tamaa, na hapa ndipo kazi ndogo inaleta faida kubwa. Msimulizi Mwingereza wa mwaka 1950 anaongea haraka, sauti imekwaruza, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza anashika neno moja kati ya kumi. Tafsiri ya papo kwa papo ya YouTube inaweza kukupa Kiswahili, lakini majina ya watu na mahali huvurugika, kwa hiyo itumie kama rasimu yako wewe tu.

Fungua Notepad na uandike hivi:

1
00:00:12,000 --> 00:00:16,500
Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893.

2
00:00:17,000 --> 00:00:22,000
Mwaka 1911 ilifika Moshi.

Kila kipande kina namba, mstari wa muda, maneno, kisha mstari mtupu. Kabla ya tarakimu tatu za mwisho weka mkato, usiweke nukta. Hilo ndilo kosa la kawaida zaidi. Maneno yasizidi mistari miwili ya herufi kama 40 kila mmoja, na yakae sekunde nne hadi sita. Hifadhi faili kwa jina lilelile la video lenye mwisho wa .srt, kwenye folda ileile. Notepad hupenda kuongeza .txt kwa siri: unapohifadhi chagua aina ya faili zote, na usimbaji wa UTF-8. Ukifungua video kwa VLC, manukuu yatajitokeza yenyewe. Kwa dakika nne unahitaji vipande kama 35, kazi ya jioni moja, na manukuu hayo yatatumika miaka yote utakayofundisha mada hiyo.

Somo la Historia ya Tanzania na Maadili hufundishwa kwa Kiswahili, kwa hiyo manukuu ni ya lazima. Kwa Historia inayofundishwa kwa Kiingereza, andika manukuu ya Kiingereza chepesi badala ya kutafsiri. Mwanafunzi atajibu mtihani kwa lugha hiyo.

Hatua ya sita: vifaa, umeme na jua

Mwanafunzi wa nyuma kabisa asikae mbali zaidi ya mara sita ya upana wa skrini. Televisheni ya inchi 32 ina upana wa sentimeta 70 hivi, kwa hiyo mwisho wake ni mita nne na kidogo. Darasa la 80 haliwezi kuitazama kwa mkupuo mmoja: gawa makundi matatu, moja linatazama huku mengine yakifanya kazi ya ramani na maandishi, kisha mnabadilishana. Projekta ikitoa picha ya mita mbili, unaweza kufika mita 12.

Tatizo la projekta ni mwanga. Jua la Tanga saa nne asubuhi hufuta picha yote. Tumia chumba ambacho madirisha yake hayatazami jua saa hiyo, funika madirisha kwa khanga mbili mbili, na panga kipindi cha mapema. Shuka jeupe lililonyooshwa vizuri ni bora kuliko ukuta wa rangi ya krimu.

Sauti ya laptopu haifiki dawati la tatu. Azima sabufa, na ujaribu waya wa jeki siku moja kabla. Kumbuka kwamba waya wa VGA haupitishi sauti. Picha ikienda kwenye projekta, sauti inabaki kwenye laptopu, na hapo ndipo sabufa inapounganishwa.

Ukitumia betri ya 12V yenye 100Ah, hesabu nusu yake tu ili isife mapema: Wh 600. Projekta ya wati 250 na laptopu ya wati 60 zitakaa saa moja na nusu hivi, maana inverta nayo inakula. Televisheni ya LED ya inchi 32 itakaa muda mrefu zaidi. Umeme ukikatika ghafla projekta ya taa ikiwa inawaka, iache ipoe kama dakika 15 kabla ya kuiwasha tena. Taa ikiungua, bei ya kuibadili ni kubwa.

Hatua ya saba: kipindi chenyewe, dakika 80

Andika swali ubaoni na chora ramani: bandari, Ras Kasone, mji, kituo cha reli. Wanafunzi wachore nao. Hii ichukue dakika 10, na usiiruke, kwa kuwa bila ramani video itakuwa ni watu wanaokimbia tu.

Onyesha dakika nne za video bila sauti. Kila mmoja aandike vitu vitatu anavyoviona na kimoja asichokielewa. Kisha dakika nane wawili wawili walinganishe. Wataanza wenyewe kuuliza kofia zile ni za nani na mbona hakuna minazi.

Onyesha tena dakika zilezile, sasa na sauti na manukuu. Kazi ya safari hii: andika kila sababu ya kushindwa inayotajwa. Wataona jinsi sauti ya msimulizi inavyoipa picha maana ambayo picha yenyewe haina. Kwa somo la vyanzo vya historia, hili ndilo tunda kubwa la kipindi.

Dakika 15 zinazofuata ni za makundi manne, kila moja na karatasi ya manila yenye aya fupi uliyoiandika wewe: onyo la HMS Fox, reli, hali ya wanajeshi waliotoka melini, na nyuki. Kila kundi liamue kama video imeitendea haki sababu yake. Dakika 15 nyingine za kuwasilisha. Lazima mmoja atauliza, "Mwalimu, kwani si nyuki ndio walioshinda?" Usimjibu. Mrudishie: "Nyuki walivamia tarehe ngapi? Na treni za kwanza zilifika kabla au baada ya hapo?" Akishagundua kwamba treni zilitangulia mapigano ya tarehe 4, amejifunza kupanga sababu kwa wakati.

Malizia kwa dakika 15 za kuandika, kila mtu peke yake: aya mbili za kujibu swali la ubaoni, zikitaja angalau ushahidi mmoja kutoka kwenye video na mmoja unaoipinga. Toa alama kwa ushahidi, si kwa urefu. Dakika tisa zilizobaki zitaliwa na kuwasha vifaa na kuhamisha madawati.

Hatua ya nane: toka nje, au mlete mzee

Kwa mapigano ya 1914, wapeleke Ras Kasone na kwenye makaburi ya vita yaliyopo mjini, na video ikiwa imeshatazamwa. Wakienda kabla hawatajua watazame nini.

Mada ya mkonge ina nafasi ambayo vita haina: watu walioiishi bado wapo. Filamu za zamani za mkonge huonyesha mitambo na mameneja, na wafanyakazi wanapita kama vivuli. Mtafute mzee au bibi aliyefanya kazi shambani, au aliyelelewa kwenye kambi za manamba, yaani vibarua wa mashambani. Mpelekee video nyumbani kwanza aitazame kwa utulivu. Asikutane nayo mbele ya watoto, kwa kuwa yapo mambo anayoweza kuchagua kutoyasema. Siku ya kipindi, baada ya shikamoo na kumketisha, izime sauti ya msimulizi na mwombe yeye asimulie juu ya picha zilezile. Atawaambia jinsi mashine ya korona ilivyochakata majani, kazi ya siku ilipimwaje, nani alilala wapi. Wanafunzi waandike pale anapotofautiana na filamu. Mshukuru kwa nauli na chochote shule inachoweza, na umpe nakala ya yale wanafunzi waliyoandika.

Filamu iliyotengenezwa mkoani kwetu

Kwa kidato cha tatu na cha nne kuna somo moja la ziada linalofaa sana hapa. Kati ya 1935 na 1937 mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ulikuwa na makao yake Vugiri, kwenye milima ya Usambara juu ya Korogwe. Chini ya L. A. Notcutt ulitengeneza filamu kama 35 za kufundisha Waafrika kilimo, afya na mambo ya namna hiyo. Zilikuwa bubu, maelezo yalirekodiwa kwenye santuri kwa lugha za wenyeji, na lori lilizunguka Afrika Mashariki na Kati kuzionyesha. Zilizosalia ni chache sana. Mojawapo inahusu mashamba ya Kingolwira, Morogoro. Tovuti ya Colonial Film ina maelezo ya mradi huo.

Wape wanafunzi maelezo hayo na maswali matatu: nani alilipia na kusimamia filamu hizi, nani alichukuliwa kuwa hajui, na mkulima wa Usambara wa mwaka 1936 angetengeneza filamu ya nini kama kamera ingekuwa yake? Wakishalijibu la tatu kwa maandishi, wapange picha sita za filamu hiyo kwenye manila. Shule yenye simu moja ya mwalimu inaweza hata kuirekodi, kwa idhini ya mkuu wa shule na ya wazazi iwapo nyuso za watoto zitaonekana.

Kila faili lipe jina lenye mada, mwaka na dakika, kwa mfano Tanga1914_0312-0710, na karatasi moja ya swali, manukuu na makosa yaliyogunduliwa. Nakala moja kwenye flashi ya idara, nyingine kwenye kompyuta ya mwalimu wa taaluma, kwa sababu flashi za shule hupata virusi na kufutwa pasipo kuulizwa mtu.